Kutaja chakula kilichopikwa kwa Kiingereza: anza jikoni, si mezani

Wengi huanza kwa kukariri majina ya vyakula na kukwama siku hiyo hiyo. Pilau kwa Kiingereza ni "pilau" na chapati ni "chapati", kwa hiyo hapo hakuna kikubwa cha kujifunza. Kinachokuwezesha kueleza chakula chochote, hata ambacho msikilizaji hajawahi kukiona, ni kitenzi cha jikoni: kimechemshwa, kimekaangwa, au kimechomwa?

Hatua ya 1: Vitenzi vinane

Kata kadi nane. Upande mmoja andika kitenzi cha Kiingereza, upande wa pili chakula unachokila kweli nyumbani. "Boil" ni kuchemsha: mayai, mihogo. "Fry" ni kukaanga kwa mafuta. "Grill" ni kuchoma juu ya moto. "Bake" ni kuoka mkate au keki. "Steam" ni kupika kwa mvuke. "Mash" ni kuponda, "smoke" ni kukausha kwa moshi, na "roast" ni kubanika nyama kwenye oveni au kuchoma mahindi.

Viwili kati ya hivi huwatega Waswahili. Cha kwanza ni kukaanga. Karanga za kukaanga hazitiwi mafuta, hivyo kwa Kiingereza ni "roasted peanuts". Ukisema "fried peanuts", mtu ataona karanga zinaelea kwenye karai. Cha pili ni kuchoma, ambacho kwetu hubeba mpaka kuunguza. "Burnt meat" ni nyama iliyoungua, na hakuna mgeni atakayeiagiza. Nyama choma ni "grilled meat".

Kuna kitenzi kimoja ambacho usikitafute kwenye kamusi: kuunga. Kiingereza hakina neno moja linalokitosha, kwa hiyo taja ulichoungia. Maharage ya nazi ni "beans in coconut milk". Mchicha ulioungwa kwa kitunguu na nyanya ni "spinach cooked with onions and tomatoes". Samaki wa kupaka ni "grilled fish in coconut sauce", na hapo umeshaeleza njia na mchuzi kwa maneno matano tu.

Hatua ya 2: Pindua mpangilio

Sisi husema viazi vya kuchemsha: chakula kwanza, mapishi baadaye. Kiingereza hutanguliza mapishi na kuyafunga kwa -ed: "boiled potatoes", "fried fish", "mashed bananas". Chukua kadi zako, sema kwa Kiswahili, kisha pindua. Fanya mara kumi kwa kila kadi mpaka uache kufikiri.

Kosa la kawaida ni kuweka -ing mahali pa -ed. "Boiling water" ni maji yanayotokota sasa hivi. "Boiled water" ni yaliyochemshwa, hata kama yamepoa. Ukiomba ya kunywa, tofauti hiyo ni ya ulimi kuungua au kupona.

Nyama ina ubishi wake: husemwa "roast chicken" na "roast beef", bila -ed, lakini karanga ni "roasted". Kariri hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Tamka mwisho wa neno

Ulimi wetu hupenda kumalizia kwa vokali, ndiyo maana "cooked" hugeuka kukedi. Baada ya sauti kama k, p na sh, -ed husikika kama t: kukt, beikt, masht. Baada ya l, m au vokali husikika d: boild, stimd, fraid. Baada ya t au d pekee ndipo silabi huongezeka: "roasted" ni rousted, "salted" ni solted.

Hatua ya 4: Hesabu

"Rice" haina wingi, na inabeba mpunga, mchele na wali kwa pamoja. Usiseme "two rices", sema "two plates of rice". Mkate ni "a slice" kwa kipande, "a loaf" kwa mzima. Mayai na chapati huhesabika bila shida.

Angalia kuku. "I ate chicken" ni kwamba ulikula nyama ya kuku. "I ate a chicken" ni kwamba ulimmaliza mzima.

Hatua ya 5: Ladha na kasoro

Tamu ndiyo inayoponza zaidi. "Sweet" kwa wasemaji wengi wa Kiingereza ni utamu wa sukari, kwa hiyo ukisifia pilau kuwa "sweet" watadhani umetia sukari. Sema "delicious" au "tasty". Pilipili ikizidi ni "spicy", kwa sababu "hot" huenda ikaeleweka kama joto. Chumvi ikizidi ni "too salty", na chakula kisichokolea ni "bland".

Mbichi hugawanyika mara tatu: nyama mbichi ni "raw", embe bichi ni "unripe", na kilichotolewa motoni kabla ya kuiva ni "undercooked". Mkate uliokauka ni "stale", lakini mchuzi uliochacha "has gone off".

Chipsi zetu ni "chips" Uingereza, ila Marekani ni "fries". Ukiagiza "chips" huko utaletewa krispi. Chakula cha kubeba nacho ni "takeaway" Uingereza na "to go" Marekani.

Hatua ya 6: Zoezi la mezani

Kila mlo, kabla ya tonge la kwanza, sema sentensi tatu kwa sauti: ni nini, kimepikwaje, kina ladha gani. "This is cassava. It's boiled in coconut milk. It's a bit salty." Rudia kadi siku ya 1, ya 3 na ya 7. Kadi iliyokushinda siku ya 7 irudi mwanzo, nyingine ziweke kando. Asubuhi ukila kiporo, neno lake ni "leftovers", na likisimama peke yake huwa na s mwishoni.