Somo: Kutenga msitu wa hifadhi wa kijiji, kuanzia mkutano mkuu hadi fedha za mavuno

Somo hili ni la viongozi wa vikundi vya wakulima, wajumbe wa kamati za maliasili, na yeyote anayetaka kukisaidia kijiji kushika msitu wake kisheria. Tunazungumzia Tanzania Bara. Sheria mbili ndizo nguzo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002. Kabla hata hazijatungwa, vijiji vinane vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba, Babati, vilikwishaonyesha miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba wanakijiji wanaweza kuulinda msitu ambao Serikali ilikuwa imekusudia kuuchukua.

Kwa nini kuhangaika na makaratasi yote haya? Kwa sababu msitu uliosimama tu kwenye ardhi ya kijiji bila kutengwa, ushuru wa mazao yake huchukuliwa na Serikali Kuu kupitia Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ukishatengwa kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, mwenye msitu ni kijiji, na mapato ya mavuno ni ya kijiji. Tofauti hiyo ndiyo dawati la shule, ndiyo kisima.

Vijiji vingi hukwama kwa kuanzia katikati. Kamati inaundwa, semina inafanyika, fulana zinagawiwa, lakini mpaka haujakubaliwa na mkutano mkuu haujakaa. Mradi ukiisha, msitu unabaki bila mwenyewe. Fuateni mpangilio huu.

Hatua ya 1: Mkutano Mkuu wa Kijiji

Mkutano Mkuu ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, inapendekeza. Mkutano Mkuu ndio unaoamua. Tangazeni ajenda mapema, vitongoji vyote, kwa mbiu na kwa karatasi ubaoni. Msiitishe wakati wa palizi wala siku ya mnada. Wakataji mkaa, warina asali, waganga wa mitishamba, wafugaji na wanawake wanaookota kuni waitwe kwa kutajwa, maana hao ndio uamuzi utakaowagusa kesho yake asubuhi.

Muhtasari uandikwe palepale, usomwe kabla watu hawajatawanyika, na uambatanishwe na orodha ya mahudhurio yenye majina na saini au dole gumba. Muhtasari usio na mahudhurio ndio huangusha kesi za ardhi.

Hatua ya 2: Mpaka na cheti

Tembeeni mpaka wa kijiji pamoja na wazee na halmashauri za vijiji jirani. Kila kona ichukuliwe kwa GPS na pia iandikwe kwa alama za kudumu zinazojulikana kwa jina: mwamba, kijito, mbuyu. Mkikubaliana, halmashauri zote mbili zisaini muhtasari wa makubaliano ya mpaka. Hapo ndipo Cheti cha Ardhi ya Kijiji kinapoombwa kwa Kamishna wa Ardhi kupitia ofisi ya ardhi ya wilaya.

Kama mna ugomvi wa mpaka, malizeni kwanza huo. Msitu uliotengwa juu ya mgogoro huwapa wavunaji haramu mwanya: wakikamatwa upande huu, watasema kibali walipewa upande ule.

Hatua ya 3: Mpango wa matumizi ya ardhi na rejista

Mpango huandaliwa chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007: wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu. Tengeni pia ardhi ya akiba ya vijana watakaohitaji mashamba miaka kumi ijayo, la sivyo watajikatia wenyewe.

Mkutano Mkuu ukishapitisha eneo la msitu kuwa ardhi ya jumuiya, hakikisheni limeandikwa kwenye rejista ya ardhi ya jumuiya ya kijiji. Watu hulisahau jambo hili, nalo ni zito kuliko bango lolote la barabarani: ardhi iliyosajiliwa hivyo haigawiwi mtu binafsi.

Hatua ya 4: Kamati ya maliasili

Wajumbe wachaguliwe na Mkutano Mkuu, si na mwenyekiti. Kumi na wawili wanatosha, wakitoka vitongoji vyote. Mweka hazina asiwe ndugu wa karibu wa mwenyekiti wala wa mtendaji. Ukomo wa uongozi uandikwe. Kamati inawajibika kwa halmashauri ya kijiji na kutoa taarifa kwenye Mkutano Mkuu kila miezi mitatu, mapato na matumizi yakisomwa kwa sauti.

Hatua ya 5: Tathmini ya msitu

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa wengi huwaachia wataalamu kazi ambayo wanakijiji wanaiweza wakielekezwa siku mbili na afisa misitu.

Gaweni msitu kwa aina ya uoto kwenye ramani. Pigeni mistari iliyoachana sawa, na juu ya kila mstari wekeni vituo kwa umbali ulio sawa. Msichague penye miti mizuri. Kila kituo pimeni duara lenye nusu kipenyo cha mita 17.84. Hesabu hiyo ina sababu: eneo lake ni hekta 0.1, hivyo idadi ya miti mkizidisha kwa 10 mnapata idadi kwa hekta. Kwa kila aina ya uoto lengeni vituo 30 au zaidi.

Kila mti upimwe mzingo kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Penye mteremko, pimeni mkiwa upande wa juu. Gawanyeni mzingo kwa 3.14 kupata kipenyo: mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha kama sentimita 30. Andikeni jina la mti kwa lugha ya hapo, kisha la Kiswahili na la kitaalamu baadaye. Andikeni pia visiki vibichi, dalili za moto na vyanzo vya maji.

Makosa mawili hurudi kila mara. La kwanza ni kamba inayovutika. Kamba ikirefuka kwa mita moja tu, eneo linaongezeka kwa zaidi ya asilimia 11, na kijiji kinajiona kina miti ambayo hakina. Tumieni futi kamba, na kama ni kamba ya kawaida ipimeni upya kila asubuhi. La pili ni kulaza kamba kufuata mteremko. Duara la kweli linakuwa dogo na miti inahesabiwa pungufu. Ishikeni iwe mlalo hewani, hata ikibidi kupima vipande vipande.

Mfano wa hesabu: vituo 40, jumla ya mitondoro 24 iliyofikia kipenyo kinachoruhusiwa kuvunwa. Hiyo ni 0.6 kwa kituo, yaani 6 kwa hekta. Eneo la mavuno likiwa hekta 800, ni miti 4,800. Sisi tunashauri nusu yake ibaki kama mbegu na tahadhari. 2,400 inayobaki, mkiigawa kwa mzunguko wa miaka 40, ni miti 60 kwa mwaka. Mnunuzi akitaka 200, jibu mnalo kwenye karatasi.

Hatua ya 6: Mpango wa usimamizi na sheria ndogo

Mpango uonyeshe maeneo ya ulinzi kamili, ya matumizi ya nyumbani na ya mavuno ya kuuza. Vyanzo vya maji viachiwe mita 60 kila upande, kama Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyotaka.

Kama mnaruhusu mkaa, igeni utaratibu uliojaribiwa Kilosa: vitalu vya mita 50 kwa 50, yaani robo hekta, kwa mzunguko wa miaka 24. Hekta 600 zikigawanywa kwa 24 ni hekta 25, sawa na vitalu 100 kwa mwaka. Vitalu vinavyopakana visikatwe pamoja. Vipishane kama miraba ya ubao wa drafti. Miti ya mbao isiguswe. Visiki visichimbuliwe wala tanuri lisijengwe juu yake, kwa sababu miti ya miombo hurudi kwa kuchipua kisikini.

Sheria ndogo hupendekezwa na halmashauri ya kijiji, hupitishwa na Mkutano Mkuu, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Andikeni makosa kwa maneno yanayopimika. “Kuharibu msitu ni kosa” haina meno; “kukata mti wowote bila kibali cha kijiji” inayo. Faini isizidi kiwango cha kisheria. Mwanasheria wa halmashauri ya wilaya awape kiwango cha sasa kabla hamjaandika.

Hatua ya 7: Doria na moto

Mpaka wa msitu ufyekwe na miti ya kando ipakwe rangi kila mwaka. Doria isiwe na siku maalumu inayojulikana. Asipigwe mtu. Mali iliyokamatwa iorodheshwe mbele ya mashahidi wawili na ikabidhiwe kwa mtendaji siku hiyohiyo.

Moto wa Septemba na Oktoba ndio unaoua miche. Mwanzoni mwa kiangazi, Mei hadi Julai, nyasi zikiwa bado na unyevu, chomeni mapema kwa vipande, asubuhi au jioni upepo ukitulia, na afisa misitu akiwa na taarifa.

Hatua ya 8: Mavuno na fedha

Mavuno ya kuuza yanapita kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya, leseni, nyundo ya kugongea magogo na hati ya kusafirishia. Someni kanuni za uvunaji za 2019 na tangazo la mrabaha lililo hai kabla ya kukubaliana bei. Mti upimwe ukiwa umesimama, gogo lipimwe tena likiwa chini, na fedha ziingie benki kabla gari halijaondoka. Msikubali ahadi ya “nitalipa nikifika Dar”.

Fungu la kwanza liwe la doria na moto. Linalobaki Mkutano Mkuu uamue.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nachingwea:* Shikamooni walimu. Halmashauri ya kijiji imeshasaini kumpa mwekezaji hekta 300, na sehemu ni msitu wetu. Tumechelewa?

Marahaba. Bado. Halmashauri ya kijiji haina mamlaka ya kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu. Tena ardhi ya kijiji inayozidi hekta 250 kuhamishwa kuwa ya aina nyingine hufika kwa Waziri; hekta 250 au pungufu, Mkutano Mkuu wenyewe huidhinisha au kukataa. Ombeni kwa maandishi nakala ya muhtasari wa Mkutano Mkuu uliopitisha jambo hilo. Kama haupo, peleka barua kwa mkurugenzi wa wilaya na nakala kwa mkuu wa wilaya, na utafute msaidizi wa kisheria mapema. MVIWATA, mtandao wa wakulima ulioanza 1993 wenye makao Morogoro, na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu, ni mahali pazuri pa kuanzia. Usiende peke yako. Nendeni kama wanakijiji.

*Mwanachama, Kiteto:* Ndugu zangu, wafugaji wanaingiza mifugo msituni na kamati inawatoza faini kila wiki. Uhasama unakua.

Faini za kila wiki ni dalili kwamba mpango uliandikwa bila wao. Fungueni mpango upya. Wekeni njia ya mifugo hadi majini, malisho ya kiangazi katika eneo la matumizi, na sehemu changa zilizovunwa zifungwe mpaka machipukizi yapite kimo cha ng'ombe. Mfugaji aingie kwenye kamati na kwenye doria. Hapo kwenu mna mfano wa msitu wa SULEDO, uliopata jina kwa Sunya, Lengatei na Dongo, ambako wakulima na wafugaji wako ndani ya usimamizi mmoja.

*Mwanachama, Kilosa:* Dada zangu wengi ni wajumbe, lakini wakiongea hakuna anayeandika. Tufanyeje?

Katibu au mweka hazina mmoja awe mwanamke; anayeshika kalamu hasahauliki. Kabla ya kila Mkutano Mkuu, wanawake wakae kikao chao, wachague msemaji na waandike hoja mbili. Vikao viishe kabla ya saa kumi jioni. Na siku za kuokota kuni zipangwe na waokotaji wenyewe.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Sisi wazaliwa wa kijiji tuishio mjini tumechanga. Tununue nini ili pesa isipotee?

Lipieni kile ambacho kijiji hakiwezi kujitolea kwa nguvu zake: upimaji wa mpaka, ramani kubwa iliyochapwa kwenye turubai ya kutundika ofisini, nakala za mpango na sheria ndogo kwa kila kitongoji, futi kamba, buti, rangi, baiskeli na vipuri vyake. Lipieni pia nauli ya wajumbe kwenda kujifunza kijiji ambacho tayari kinavuna. Mkulima humwamini mkulima. Fedha ziingie akaunti ya kijiji, si simu ya mtu, na stakabadhi isomwe kwenye Mkutano Mkuu. Posho ya doria msiilipe mfululizo kutoka mjini, maana mwezi mtakaposhindwa kutuma, doria itasimama.

*Mwanachama, Kwale:* Sisi huku Kenya tunaweza kufuata hatua hizi?

Tathmini, moto na utunzaji wa fedha, ndiyo. Sheria, hapana. Msitu wa umma huko uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), na jamii hujiunga kwenye chama cha msitu cha jamii kisha kuingia mkataba wa usimamizi, chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Ardhi ya jamii ina sheria yake ya mwaka huohuo. Kama ni kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, wazee wa kaya na Makumbusho ya Taifa washirikishwe tangu siku ya kwanza.

*Mwanachama, Liwale:* Sheria ndogo zetu zimelala wilayani mwaka mzima. Kila tukiuliza tunaambiwa ziko kwenye mchakato.

Mwombeni diwani wenu aziingize kwenye ajenda ya kikao cha robo mwaka, kwa barua yenye muhuri wa kijiji na tarehe ya kupokelewa. Kwanza mwendeeni mwanasheria wa halmashauri mwulize kama kuna kifungu kinachokwaza. Mara nyingi ni faini iliyozidi kiwango au ramani isiyoambatanishwa. Pelekeni nakala tatu, mbaki na moja iliyogongwa “imepokelewa”. Wakati mnasubiri, doria iendelee kwa kutumia Sheria ya Misitu yenyewe: mkamateni mkosaji kwa utaratibu na kumkabidhi kwa afisa misitu au polisi, bila kutoza faini yoyote ya kijiji mpaka idhini itoke.