Kuainisha Kuvu za Utumboni mwa Viluwiluwi wa Usubi

Viluwiluwi wa usubi hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama katika maji yaendayo kasi, na utumboni mwao huishi kuvu za oda ya Harpellales, ambazo kwa kawaida hazimdhuru mwenyeji. Wachukue wakiwa hai, uwaweke katika maji ya mto huohuo yaliyopozwa, na uwapasue mapema. Usimchague aliyetoka kujivua gamba, maana bitana ya utumbo wa nyuma hutupwa pamoja na kuvu zilizoishika.

Mtambue mdudu kwanza. Kuvu isiyojulikana mwenyeji wake ni kazi nusu. Kisha mlaze katika tone la maji chini ya hadubini, umshike kichwani kwa kibanio kimoja na mkiani kwa kingine, uvute taratibu hadi utumbo utoke. Andika papo hapo mahali ulipoiona kuvu: isiyo na matawi, iliyojishikiza kwenye utando unaofunika chakula katika utumbo wa kati, yaelekea ni ya familia ya Harpellaceae, yenye matawi katika utumbo wa nyuma yaelekea ni ya Legeriomycetaceae.

Jenasi hudhihirishwa hasa na trikospora, yaani spora (chembe za uzazi) zisizo za kijinsia zenye nyuzi, na hapa ndipo wengi huharakisha. Nyuzi zake nyembamba huonekana vizuri pale tu spora inapoachana na seli iliyoizaa, kwa hiyo subiri spora zijitenge ndipo uhesabu nyuzi. Harpella melusinae, iliyoelezwa na Léger na Duboscq mwaka 1929, ina spora zilizopinda zenye nyuzi 4, ilhali jenasi ya Smittium ina uzi 1 na kola ndogo chini ya spora. Pima spora nyingi zikiwa bado majini, kabla ya kupitisha rangi ya bluu yenye laktofenoli ukingoni mwa kioo. Ukibahatika kupata zigospora, yaani spora ya uzazi wa kijinsia, chora pembe inayofanya na kikonyo chake.

Jihadhari na Paramoebidium, ambayo hukaa utumbo wa nyuma na kufanana na kuvu, lakini si kuvu: mdudu akifa hutoa seli zinazotambaa kama amiba. Umbo nalo hudanganya: Smittium culisetae ya viluwiluwi wa mbu ilihamishiwa jenasi mpya, Zancudomyces, mwaka 2013, baada ya DNA kuonyesha kwamba iko mbali na wenzake. Kwa sababu hiyo, hifadhi kipande cha utumbo katika alkoholi kwa uchunguzi wa DNA kabla hujatia rangi.