Kaunta mpya, droo ya wengi: namna ya kumaliza mwezi wa kwanza dukani bila kubebeshwa shoti

Ukipata kazi ya kaunta kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Arusha, iwe Kilombero, Mianzini, Sakina au kule Kwa Mrombo, wenyeji watakuonyesha rafu, bei, na mahali pa kuchemshia chai. Jambo moja huwa halionyeshwi: namna ya kupokea droo ya pesa. Na hilo ndilo linalowaliza wageni wengi. Jioni moja bosi anahesabu, pesa hazitimii, yaani kuna shoti, na macho yote yanamgeukia aliyekuja juzi. Mara nyingi hakuna aliyeiba. Pesa imepita kwenye mikono minne na hakuna hata mkono mmoja uliosaini.

Kabla hujasimama kaunta, omba masharti ya kazi kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi: kazi yako ni ipi, unaanza lini, mahali, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Ukiona aibu kudai mkataba, sema hivi: "Bosi, naomba tuandike majukumu yangu ili nisikosee." Hakuna bosi mwenye nia njema atakayekasirikia sentensi hiyo. Hapo hapo uliza swali moja zaidi, ambalo lina uzito kuliko yote: nani mwingine ana ufunguo wa droo?

Asubuhi: kupokea droo

Fika dakika 20 kabla ya duka kufunguliwa. Anayetoka Ngaramtoni au Usa River ahesabu muda wa kusubiri kifodi kijae, na miezi ya masika, Machi mpaka Mei, aongeze nusu saa nyingine. Ukifika wateja wamesimama mlangoni hutahesabu chochote. Utapokea droo kwa imani, na imani haina saini.

Hesabu chenji ya kuanzia mbele ya anayekukabidhi, noti kwa noti. Usiandike jumla peke yake. Kianzio cha shilingi 50,000 kinachofaa kwa duka la aina hii kinaweza kuwa hivi: noti 2 za 5,000, noti 6 za 2,000, noti 10 za 1,000, sarafu 24 za 500, sarafu 20 za 200 na sarafu 20 za 100. Andika mgawanyo huo kwenye daftari gumu, si karatasi ya kunyofoa, kisha chini yake: "Nimepokea droo, Sh 50,000, saa 1:45 asubuhi," tarehe, jina na saini ya aliyekabidhi, jina na saini yako.

Mgawanyo una kazi yake. Ukipewa 50,000 ya noti tano za elfu kumi, kufika saa nne utakuwa umeshatuma kijana duka la jirani kukopa chenji. Deni hilo haliandikwi. Jioni jirani anakuja kudai elfu ishirini yake wakati wewe uko stoo, anapewa, na shoti imezaliwa hapo.

Mchana: mahali pesa inapopotea

Mteja akikupa noti, itaje kwa sauti: "Nimepokea elfu kumi, mama." Usiitumbukize kwenye droo. Iweke juu ya kaunta upande wako, chini ya kalkuleta, mpaka chenji iwe mkononi mwake na ameihesabu. Ubishi wa "nilikupa elfu kumi, si elfu tano" unakwisha palepale noti ikiwa bado inaonekana. Ikishachanganyika na nyingine, mtabishana mpaka foleni ifike barabarani, na mara nyingi mgeni ndiye anayeshindwa.

Chenji ikikosekana na mteja akasema atapitia kesho, andika kiasi nyuma ya risiti yake na kwenye daftari. Usipoandika, jioni droo itakuwa na ziada na bosi ataichukua akidhani ni mauzo. Kesho mteja anarudi, unamlipa, na ziada ya jana inageuka kuwa shoti ya leo.

Noti ya shilingi 500 usiipokee tena. Benki Kuu iliziondoa noti hizo pamoja na matoleo ya zamani ya noti nyingine, na muda wa kuzibadilisha ulikwisha tarehe 5 Aprili 2025. Bado zinajitokeza kutoka kwenye vibubu vya watu.

Malipo ya simu yanataka nidhamu ya pekee. Usiangalie simu ya mteja hata akikusogezea puani. Ujumbe wa kughushi hutengenezwa kwa dakika moja. Angalia simu ya duka yenye lipa namba. Hakikisha ujumbe umetoka kwa mtandao wenyewe na si namba ya kawaida, kiasi ni sahihi, muda ni wa sasa hivi, na salio limepanda kwa kiasi hicho hicho. Namba ya muamala iandike kwenye nakala ya risiti. Kama simu ya duka anatembea nayo bosi, mpigie kabla mzigo haujatoka mlangoni. Mteja atanung'unika dakika mbili. Mwombe radhi kwa upole, lakini mzigo ubaki ndani.

Halafu kuna fundi. Atanunua vitu vya laki moja, kisha atakunong'oneza: "Dogo, niandikie laki na ishirini, nina cha juu changu." Kataa kwa heshima. Tukiacha kwamba ni kumwibia mwenye nyumba, angalia kinachotokea kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi: umetoa risiti ya 120,000 na ndani ya droo ipo 100,000. Jioni ripoti ya Z, yaani jumla ya risiti zote za siku, itadai 120,000, duka litaonekana limeuza pesa ambayo haikuingia, na pengo la elfu ishirini litakuwa na jina lako. Risiti ikishatoka kwenye mashine haifutwi. Kwa hiyo hata bila fundi, soma tarakimu zote kwenye kioo kabla ya kubonyeza. Sifuri moja ya ziada ni kazi ya siku nzima.

Kero kubwa kuliko zote ni ndugu wa bosi. Anakuja mchana, anafungua droo, anachukua 20,000, "nitamwambia mwenyewe." Wewe ni mgeni, naye ni kaka mkubwa wa mwenye duka, huwezi kumshika mkono. Mpe daftari asaini. Akikataa, usibishane. Akishatoka, tuma ujumbe saa hiyo hiyo: "Shikamoo bosi. Saa 8:15 mchana kaka amechukua 20,000 kwenye droo, amesema ni ya mafuta ya gari. Nimeandika kwenye daftari." Hujamshtaki mtu, umetoa taarifa ya kazi. Ukingoja hadi jioni, sentensi ile ile itasikika kama utetezi.

Na ukitumwa benki au kwenda kupokea mzigo, usiiache droo wazi. Ama ifunge na ufunguo uende nao, ama mkabidhi mwenzako kwa kuhesabu na kusaini kama asubuhi. Dakika tano hizo zitakuudhi siku za mwanzo, na wenzako watasema unajifanya mhasibu. Waache waseme.

Shoti ya bidhaa

Hii haionekani kwenye droo. Inatokea siku ya kuhesabu stoo. Mfano mzuri ni misumari. Ukifungua katoni ya kilo 25 na kuipima kilo moja moja, kila mara mzani ukazidi gramu 20, yaani misumari michache tu ya kumfurahisha mteja, katoni itakwisha ikiwa pungufu kwa nusu kilo. Waya ni hivyo hivyo: ukizidisha sentimita 2 kila mita, kwenye roli la mita 100 umetoa mita 2 bure. Kabla ya kupima kila asubuhi, angalia mzani ukiwa mtupu unasoma sifuri, na vumbi la saruji lililoganda juu yake lifute.

Nondo usizitambue kwa jicho. Ya milimita 10 na ya 12 zinafanana sana zikiwa na kutu na mwanga wa stoo ni hafifu. Tumia kalipa, kifaa cha kupimia unene, au pima uzito: nondo ya mita 12 yenye milimita 10 ina takribani kilo 7.4, na ya milimita 12 ina kilo 10.7. Kwenye mabati kumbuka kwamba geji, yaani namba ya unene, inakwenda kinyume: namba kubwa ndilo bati jembamba. Geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28. Mgeni akidhani 32 ndilo imara, anamuuzia mteja bati la bei ya juu kwa bei ya chini, na siku ya kuhesabu anaulizwa yameenda wapi.

Jioni: kufunga hesabu

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua kianzio, jumlisha mauzo ya taslimu, jumlisha madeni yaliyolipwa leo, toa matumizi yenye vocha (karatasi ya matumizi iliyosainiwa), toa pesa ambazo bosi amechukua. Mauzo ya simu yaweke kando kwenye mstari wake. Kuyachanganya na taslimu ndilo kosa la kwanza la wageni. Tuseme:

50,000 + 640,000 + 30,000 − 15,000 − 400,000 = 305,000

Ukihesabu ukakuta 296,000, una shoti ya 9,000. Usianze kutetemeka. Kwanza gawanya pengo kwa 9. Likigawanyika bila baki, tafuta tarakimu zilizopinduliwa: huenda uliuza kwa 45,000 ukaandika 54,000. Pili, tafuta nusu ya pengo, yaani 4,500: huenda matumizi ya kiasi hicho yamejumlishwa badala ya kutolewa. Tatu, tafuta muamala mmoja wa 9,000 kamili: mteja aliyelipa kwa simu akaandikwa taslimu, au mzigo wa mkopo ulioandikwa kama umelipwa.

Usipoipata, iandike: "Shoti 9,000, sababu haijajulikana," tarehe, saini, na bosi aijue usiku huo huo. Tunasisitiza hapa kwa sababu tunajua moyo wa mgeni unavyosukuma: usiifidie kimyakimya kutoka mfukoni. Ukifidia mara tatu umejikata mshahara mwenyewe, umeficha tundu ambalo pengine ni la mtu mwingine, na siku utakayokosa pesa ya kufidia utaonekana umeanza kuiba siku hiyo. Ziada nayo iandike. Mtu anayeweka ziada mfukoni "ili izibe shoti ya kesho" hana tena ushahidi wa chochote.

Je, bosi anaweza kukukata? Anaweza, ila sheria imeweka ngazi. Lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lako. Akupe notisi ya maandishi yenye sababu, kiasi na namna alivyokipata. Akupe nafasi ya kupinga. Jumla isizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Mwenye mshahara wa 300,000 hawezi kukatwa zaidi ya 75,000 kwa ajili hiyo. "Shoti tutagawana wote wanne" bila uchunguzi haimo kwenye ngazi hizo. Daftari lako la asubuhi ndilo litakalosema kosa ni la nani.

Mwisho wa mwezi

Soma karatasi ya mshahara kwa kalamu. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haizidi 10. Kwa 300,000 unakatwa 30,000, zinabaki 270,000, na kodi ya mapato ya mshahara haigusi kiasi kisichozidi 270,000 kwa mwezi. Kwa hiyo hapo kodi ni sifuri. Ukikuta umekatwa WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) au SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi), uliza kwa utaratibu: hayo hulipwa na mwajiri, si wewe. Omba pia namba yako ya uanachama wa NSSF uangalie kama michango inafika. Kukatwa na kupelekewa ni mambo mawili.

Saa nazo zihesabu. Duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, ukipumzika saa moja, ni saa 9. Kwa siku sita ni 54, na kikomo cha kawaida kwa wiki ni 45. Zile 9 ni za ziada na malipo yake ni mara moja na nusu. Kwa mshahara wa 300,000 saa ya kawaida ni kama 1,538, ya ziada kama 2,308. Hatukushauri uanze kudai wiki ya pili. Ziandike tu kila siku pembeni ya daftari, na zungumza na bosi mkifika mwisho wa mwezi, mmekaa, hakuna mteja.

Jua pia kwamba ndani ya miezi 6 ya kwanza kinga ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu, ila mshahara ulioufanyia kazi ni wako tangu siku ya kwanza. Ukinyimwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea malalamiko ya namna hiyo ndani ya siku 60.

Na ikitokea unaondoka, kwa heri au kwa shari, usiondoke mchana kwa hasira. Ndani ya mwezi wa kwanza notisi ni siku 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni siku 28. Siku ya mwisho hesabu droo noti kwa noti kama ulivyoipokea, kabidhi ufunguo, msaini wote wawili, piga picha ukurasa huo, kisha omba cheti cha utumishi kabla hujatoka mlangoni.