SOMO: Dodoma kwa miguu, kuanzia stesheni ya zamani

Wakuu, heshima kwenu. Kila Bunge likikaribia kuanza, inboksi inajaa: "Nina semina Dodoma, huko kuna nini cha kuona zaidi ya vumbi?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa, atakayeuliza tena namtumia uzi huu.

Hatua ya 1. Viatu vya kufunga, kofia, maji. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi uwe njiani.

Hatua ya 2. Anzia stesheni ya zamani, siyo ya SGR, ile reli mpya ya umeme. Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914. Mji huu umeota kandokando ya reli hiyo. Ng'ambo ya barabara kuna Dodoma Hotel, iliyokuwa hoteli ya reli. Agiza chai, tazama jengo. Wengi wanapita hapo wakikimbilia bajaji.

Hatua ya 3. Ingia Uhindini, kwenye barabara zenye namba. Usitazame bidhaa, inua macho juu ya mabango ya simu na rangi. Utaona nyumba za wafanyabiashara wa zamani: duka mbele, baraza, familia nyuma. Pitia Jamatini.

Hatua ya 4. Kanisa kuu la Kianglikana lina kuba, na wageni wengi huapa kuwa ni msikiti. Msikiti wenyewe, wa Gaddafi, ulijengwa kwa fedha za Libya ukafunguliwa 2010. Jisitiri, omba ruhusa, na usiende kutalii wakati wa ibada.

Hatua ya 5. PICHA. Hapa soma polepole. Huu ni mji wa serikali, na unaweza kuwa unapiga mti tu kumbe nyuma yake kuna geti. Mimi nilikalishwa kwenye benchi mpaka jua likazama kwa sababu ya mti wa aina hiyo. Kwa hiyo: kabla ya kutoa simu, geuka uone nyuma ya unachopiga kuna nini. Ukiona mlinzi, mfuate wewe kwanza, "Shikamoo afande," eleza, omba. Akikataa, usibishane. Usisogee mbali ukavuta picha kwa kamera, hapo ndipo unaonekana mpelelezi kabisa. Bunge, Ikulu, kambi na askari waache. Na mama anayeuza karanga naye si sanamu, muulize.

Hatua ya 6. Malizia Nyerere Square, kwenye sanamu ya Mwalimu. TANU iliamua 1973 makao makuu yahamie hapa. Ramani ya 1976 ilichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, na ilitaka mji wa watu wanaotembea na kupanda mabasi, usio na majengo ya kujitutumua. Kaa kwenye benchi, tazama magari, halafu uamue mwenyewe tumeifuata kwa kiasi gani.

Maswali chini.

Msafiri255: Mkuu, SGR si inanishusha hapohapo Uhindini?

Mbuyu Mkavu: Hatua ya 2, sentensi ya kwanza.

Chuma Chakavu: Umeruka michoro ya kale ya mapangoni, kule Kondoa. Inatembeleka kwa miguu toka mjini?

Mbuyu Mkavu: Kondoa, kwa miguu? Ndugu, umesoma somo au umeona kichwa tu?

Chuma Chakavu: Nauliza tu, hasira za nini.

Binti wa Mpwapwa: Kaka, majengo nimeyaona. Sanaa ya Wagogo wenyewe naisikia wapi?

Mbuyu Mkavu: Swali zuri dada. Panda gari za kwenda Chamwino, barabara ya Dar. Kuna kituo cha sanaa, na huwa na tamasha la muziki wa Kigogo. Tafuta muheme: wanawake ndio wapigaji, ngoma wameibana mapajani. Sikiliza zeze na marimba ya vidole pia, ndipo utaelewa alikotoka marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki 2003 akiwa ameshaipeleka sauti hiyo duniani. Nenda na muda, usiende na saa.

Binti wa Mpwapwa: Asante sana. Na hiyo Kondoa, kwa gari?

Mbuyu Mkavu: Basi la Babati, lami mwanzo mwisho, ushuke Kolo. Ofisini unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. UNESCO waliyaingiza mapango hayo kwenye urithi wa dunia 2006. Michoro myekundu, watu na wanyama, ndiyo ya kale zaidi. Myeupe ni ya baadaye. Usiguse, na mtu asikudanganye umwagie maji ili ing'ae, ndiyo inavyokufa. Wenyeji bado wanafanya matambiko huko, ukikuta watu, subiri.

Mama Zabibu: Ongeza makumbusho ya jiolojia, kule Kikuyu. Wanangu hawakutaka kutoka.

Mbuyu Mkavu: Kweli mama, nilisahau. Siku za kazi. Mawe mnayoyaona vilimani hapa yana zaidi ya miaka bilioni 2.

Msafiri255: Na chakula?

Mbuyu Mkavu: Ugali wa uwele na mlenda, uliza Majengo sokoni.

Mama Zabibu: Zabibu nunueni asubuhi. Jioni zimeshashikwashikwa na kila mtu.