Jaribio la kubadilishana dawa: jinsi ya kulipanga na kuchambua matokeo

Katika jaribio hili kila mshiriki hutumia dawa zote mbili, kwa zamu. Kundi moja linaanza na A kisha B, lingine B kisha A, na bahati nasibu ndiyo iamue nani aanzie wapi. Kwa kuwa mgonjwa analinganishwa na nafsi yake, washiriki wachache wanatosha.

Hatua ya 1: ugonjwa. Uwe wa kudumu na uliotulia: presha, pumu, kipandauso. Malaria haifai, aliyepona awamu ya kwanza atatibiwa nini awamu ya pili?

Hatua ya 2: masalia ya dawa. Dawa ya kwanza ikibaki mwilini itachafua vipimo vya awamu ya pili, kwa hiyo hapa usiwe na haraka. Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu mwilini. Muda huo ukipita mara 5, inabaki kama asilimia 3. Kwa amlodipine, dawa ya presha, muda wa kupungua nusu ni saa 30 hadi 50. Chukua 50: unapata saa 250, yaani zaidi ya siku 10. Ningetenga wiki 2 kati ya awamu. Lakini kumwacha mgonjwa wa presha wiki 2 bila dawa si jambo dogo. Afadhali aanze dawa ya pili papo hapo, urefushe awamu, kisha upime mwishoni tu, ile ya kwanza ikiwa imeshatoka.

Hatua ya 3: hesabu. Kwa kila mshiriki, chukua kipimo cha awamu ya kwanza utoe cha awamu ya pili. Tuseme wastani wa kundi la AB ni −8, wa BA ni +4. Tofauti yao ni −12. Gawa kwa 2: A inashusha presha mmHg 6 zaidi ya B. Linganisha makundi kwa jaribio la t la sampuli huru, yaani kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani wa makundi mawili tofauti. T ya jozi, inayolinganisha A na B ndani ya kila mshiriki bila kujali kundi lake, itakupotosha awamu zenyewe zikitofautiana na makundi yakiwa hayalingani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nipime kwanza kama kuna masalia, nikiyakuta nitumie awamu ya kwanza pekee?*
Hapana, ndugu yangu. Njia hiyo ilipendekezwa mwaka 1965, na mwaka 1989 mtakwimu Freeman akaonyesha kwamba inaongeza matokeo chanya ya uongo. Masalia yazuie kwenye mpango.

*Aliyeacha baada ya awamu ya kwanza nimfute?*
Usimfute. Hesabu ya hatua ya 3 haimwoni, lakini modeli mchanganyiko (hesabu ya takwimu inayochambua vipimo vyote vya washiriki kwa pamoja, hata vikipungua) hutumia kipimo chake kimoja. Andika pia sababu ya kuacha: kama ni madhara ya dawa, hilo nalo ni tokeo.