Figo mpya nyumbani: saa ya dawa, siku ya damu na mizani ya asubuhi

Aliyepandikizwa figo akisharuhusiwa kurudi nyumbani, ulinzi wa ile figo unabaki mikononi mwake na mwa anayemuuguza. Mwili hauachi kuiona kama mgeni, hata miaka ipite salama. Ndiyo maana dawa za kutuliza kinga humezwa kila siku, muda wote figo inapofanya kazi.

Takrolimasi ya kawaida, moja ya dawa hizo, humezwa mara 2 kwa siku, saa 12 zikipita katikati: tuseme saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Weka kengele kwenye simu.

Siku ya kliniki ndipo wengi wanapokosea. Usimeze takrolimasi ya asubuhi kabla ya kutolewa damu. Daktari anataka kuona dawa iliyobaki mwilini saa 12 baada ya dozi ya usiku. Ukitangulia kumeza, kipimo kitasoma juu, dozi itapunguzwa bure, na figo itakosa ulinzi wa kutosha. Nenda na dawa yako, uimeze mara tu sindano ikichomolewa, na umwambie anayekutoa damu jana ulimeza saa ngapi.

Ukisahau dozi, usimeze mbili kwa pamoja, pigia kliniki. Wapigie pia ukitapika au ukiharisha, maana kuharisha kunaweza kupandisha dawa kwenye damu. Vidole vikitetemeka hadi kifungo cha shati kikushinde, huenda dawa imezidi.

Balungi usile kabisa, hupandisha takrolimasi. Klarithromaisini (antibiotiki) na flukonazoli (dawa ya fangasi) nazo huipandisha, rifampisini (dawa ya kifua kikuu) huishusha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huumiza figo yenyewe. Kwa hiyo dukani, kabla ya kutaja kinachokuuma, sema: "Nimepandikizwa figo."

Jipime uzito kila asubuhi ukishakojoa, kabla ya kula. Ukiongezeka kilo 1 au zaidi kwa siku moja, mkojo ukipungua, homa ikifika nyuzi 38, au pakiuma chini ya tumbo ilipowekwa figo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ila usikae kungoja dalili. Mara nyingi figo huanza kukataliwa kimyakimya, kreatinini, taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ikipanda huku mgonjwa akijisikia mzima.

Kabla ya kuondoka wodini, uliza kama umewekewa stenti, ule mrija mwembamba kati ya figo na kibofu, na uandikiwe tarehe ya kuutoa. Kwa kawaida hutolewa baada ya wiki chache. Ukisahaulika, hushika mawe na kuleta maambukizi.