Mimba inakua na kazi huitaki tena: piga hesabu hizi kabla ya barua ya kuacha

Mimba ina miezi mitano, bosi haambiliki, na kichwani barua ya kuacha kazi umeshaiandika. Kwa aliyeajiriwa sekta binafsi Tanzania Bara, hasara au nafuu yote iko kwenye tarehe ya kuondoka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua mapacha, mradi amefanya kazi zaidi ya miezi sita. Ukiacha kabla, unazisamehe zote. Kwa mshahara wa 600,000 kwa mwezi hizo ni kama 1,680,000 kabla ya makato. Kiinua mgongo usikiweke kwenye hesabu, maana hulipwa mwajiri anapokuachisha, na fao la NSSF la kukosa ajira halimhusu anayeacha kwa hiari.

Soma mkataba kwanza. Kama ni wa muda maalumu, angalia unaisha lini: ukiisha kabla ya kujifungua, mpango wote unabadilika.

Halafu weka tarehe. Tuseme unatarajiwa kujifungua 20 Oktoba. Barua ya kumjulisha mwajiri, pamoja na cheti cha daktari, iwe imefika kabla ya 20 Julai, yaani miezi mitatu kabla. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Taarifa ya mdomo ndiyo inayozaa ugomvi baadaye. Likizo unaweza kuianza wiki nne kabla, 22 Septemba, lakini itaisha 14 Desemba mtoto akiwa na wiki nane tu. Ukivumilia hadi 13 Oktoba, utarudi 5 Januari, mtoto ana wiki kumi na moja. Wiki hizo tatu ni nyingi kwa anayenyonyesha, ila kama miguu imevimba na presha inapanda, usizipiganie.

Wengi huteleza kwenye notisi. Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28 kwa maandishi, isipokuwa mkataba unataka zaidi, na notisi haitolewi ukiwa likizo wala haihesabiwi ndani ya likizo. Kwa hiyo huwezi kutuma barua kutoka nyumbani ukitaraji siku za uzazi zimalize notisi. Unarudi 5 Januari, unatoa barua siku hiyo, unamaliza 1 Februari. Katika siku hizo una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Ukitoweka bila notisi, tegemea kukatwa. Siku za likizo ya mwaka ulizolimbikiza bila kuzitumia zidai zilipwe.

Kama una bima ya afya kupitia kazini, uliza ofisini kadi itafungwa tarehe gani. Swali hili huulizwa kwa kuchelewa, mtoto akiwa na homa.

Sasa fedha. Andika matumizi ya mwezi mmoja: kodi, chakula, umeme, nauli za kliniki, dawa na madeni ya kikoba, kisha zidisha mara sita. Akiba isipofika hapo, na hakuna mshahara mwingine nyumbani, tunashauri usubiri.

Kungoja kuna mpaka, hasa kazi yenyewe ikiwa inamhatarisha mtoto: kemikali, mizigo mizito. Hapo mwajiri anatakiwa kukupa kazi nyingine inayofaa kwa masharti yasiyopungua, ikiwezekana. Zamu ya usiku, saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hairuhusiwi miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, au mapema zaidi ukiwa na cheti cha daktari. Omba kwa maandishi. Akikataa, au akikubana mpaka ukalazimika kuondoka, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA): mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60. Barua uliyokuwa umeandika kwamba unaacha “kwa sababu binafsi” itakufunga mikono huko, hivyo andika sababu halisi.